Nani azike? Kisa cha Indiana na sheria ya mabaki ya kijusi

Mwishoni mwa Machi 2016 simu zilianza kulia mfululizo katika ofisi ya gavana wa Indiana, Marekani. Waliopiga walikuwa wanawake, na walichotaka ni kumjulisha Gavana Mike Pence kwamba wameingia mwezini, au kwamba bado hawajaingia. Walikuwa wamekutana kupitia ukurasa wa Facebook ulioitwa Periods for Pence. Utani wao ulikuwa na hoja ndani yake. Tarehe 24 Machi gavana alikuwa ametia saini sheria iliyotaka mabaki ya mimba yazikwe au yachomwe kama wanavyochomwa maiti, mimba iwe ya umri wowote. Mayai mengi yaliyorutubishwa hutoka pamoja na damu ya mwezi bila mwenyewe kujua, kwa hiyo wanawake wale walisema wanatoa taarifa mapema wasije wakavunja sheria.

Kisheria mshale huo haukupiga penyewe. Sheria haikumgusa mwanamke aliye nyumbani kwake. Ilizigusa kliniki na hospitali zenye mabaki mikononi. Ila tofauti hiyo, kati ya kumwamuru mwanamke na kumwamuru anayemhudumia, ndiyo iliyokuja kuamua mambo katika mahakama tatu kwa miaka saba. Nikiisoma kesi hii upya naona kwamba sheria ilishinda kwa sababu haikumwamuru mama chochote, na kwa njia hiyo hiyo ikalikwepa swali lililowakusanya watu: kilichotoka tumboni ni nini, na ni nani mwenye kauli juu yake?

Sheria ilisema nini

Kwenye vitabu vya jimbo inajulikana kwa namba, HEA 1337. Ilibeba mambo kadhaa. Mojawapo lilikuwa kupiga marufuku kutoa mimba kwa sababu ya jinsia, rangi au ulemavu wa kijusi. Hilo lilizuiwa mahakamani, na sitalirudia sana. Kinachotuhusu ni kifungu cha mabaki.

Kabla ya hapo kituo cha afya kiliweza kuyapeleka mabaki ya kijusi kwenye tanuri la taka za hospitali, pamoja na vitu vingine vinavyotolewa mwilini kwenye upasuaji: kidoletumbo, uvimbe, kipande cha nyama kilichokatwa kwa uchunguzi. Sheria mpya ilibakiza njia mbili tu, kaburi au tanuri la kuchomea maiti. Vijusi vingi viliruhusiwa kuchomwa kwa mpigo mmoja, mradi visichanganywe na nyama nyingine za upasuaji. Mwanamke alipewa haki ya kuamua, na kituo kilitakiwa kumweleza haki hiyo. Akitaka mahali pengine tofauti na utaratibu wa kawaida wa kituo, gharama ni yake. Akitaka kuyachukua mwenyewe na kwenda nayo, anachukua, na baada ya hapo sheria haimfuati.

Mstari mwingine ulipita kimya wakati ule. Sheria ilihusu mimba iliyotolewa na iliyoharibika yenyewe pia.

Lazima msomaji ajue ukubwa wa kitu kinachozungumzwa. Kiinitete cha wiki nane kina urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Kinachotoka pamoja nacho kwa wingi ni damu na tishu za kondo. Idadi kubwa ya mimba zinazotolewa Marekani hutolewa katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo kwenye chombo cha maabara huyu anaona binadamu aliyenyimwa kaburi, na yule anaona tishu za mgonjwa ambazo serikali imeamua kuzitungia ibada. Wanaangalia chombo kimoja.

Tatizo la kukipa jina

Nimeandika "kijusi" kwa sababu ndilo neno la kamusi na la vitabu vya biolojia, lakini sijamsikia mama akilitumia kusimulia msiba wake. Kwetu inasemwa mimba imeharibika, mimba imetoka. Neno mimba linabeba hali na kiumbe kwa pamoja, na msemaji halazimiki kuchagua. "Mabaki" nalo halinipendezi. Ni neno la wali wa jana. Wamarekani wana shida hiyo hiyo kwa lugha yao, ila kwao kila neno lina chama. Anayeunga mkono sheria atasema mtoto; anayeipinga atasema tishu. Ukimsikiliza mtu kwa nusu dakika unajua atapiga kura wapi.

Katika pwani yetu suala lenyewe lina utaratibu wa siku nyingi. Kwa Waislamu, mimba iliyofika miezi minne, siku 120, ikitoka, huyo ni maiti: anaoshwa, anavikwa sanda, anazikwa. Kuhusu kusaliwa wanazuoni wametofautiana. Chini ya miezi hiyo hufungwa kitambaa na kufukiwa. Kondo la nyuma nalo huzikwa, na mtu mzima anaweza kukuonyesha kijiji akakwambia kitovu chake kimezikwa pale. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: kwamba watu wanataka kuzika kilichotoka tumboni si jambo la ajabu wala si la chama. La ajabu kule Indiana ni aliyeshika jembe. Huku ni bibi au shekhe. Kule ni bunge la jimbo.

Mahakama za chini, na suala la paka

Planned Parenthood, shirika linalotoa huduma za uzazi zikiwamo za kutoa mimba, lilikwenda mahakama ya shirikisho kupitia tawi lake la Indiana na Kentucky. Tarehe 30 Juni 2016, siku moja kabla sheria kuanza kazi, Jaji Tanya Walton Pratt alitoa amri ya zuio. Septemba 2017 akaifanya ya kudumu. Tarehe 19 Aprili 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Saba, iliyoko Chicago, ikakubaliana naye.

Hoja ya mahakama hizo ilikuwa fupi na, kwa kuiangalia haraka, ngumu kuivunja. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kijusi hakikuwa mtu. Jimbo linasema lengo lake ni kuhakikisha mabaki ya binadamu yanasitiriwa kwa heshima. Kama si mtu, mabaki ya binadamu yanatoka wapi? Na kama hakuna mabaki ya binadamu, lengo halipo, na sheria isiyo na lengo halali haisimami.

Jaji Frank Easterbrook, wa mahakama hiyo hiyo ya rufaa, hakuwamo kwenye jopo. Juni 2018 wenzake walipokataa kuisikiliza upya kesi kwa majaji wote, aliandika pingamizi lake. Alisema jopo limebatilisha sheria ambayo ingepita bila taabu kama ingehusu mabaki ya paka au panya wa kufugwa. Kejeli, ndiyo, na wapo waliochukizwa na ulinganisho wenyewe. Ila kisheria aligusa kidonda. Serikali huweka sheria juu ya vitu visivyo watu kila siku. Inakataza kumtesa mbwa, na mbwa hana haki za kikatiba. Kuthibitisha kwamba kijusi si mtu mbele ya katiba hakuthibitishi kwamba jimbo halina ruhusa ya kusema kitupwe wapi.

Naona hapo ndipo mahakama za chini zilipoteleza. Zilitaka kulijibu swali kubwa pale ambapo dogo lingetosha, na kwa kulijibu kubwa zikaacha mlango wazi.

Mei 2019: kesi iliyoshindwa kabla ya kusikilizwa

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 28 Mei 2019. Mawakili hawakuitwa kujieleza mbele ya majaji. Uamuzi ulitoka bila jina la mwandishi, kurasa chache. Ulisema mahakama hiyo ilishatambua, katika kesi ya mji wa Akron ya mwaka 1983, kwamba jimbo lina maslahi halali katika namna mabaki ya kijusi yanavyohifadhiwa. Kanda ya Saba imekosea. Swali lililobaki lilikuwa kama kifungu kina uhusiano wowote wa kueleweka na maslahi hayo, na jibu ni kwamba kinao, hata kama hakijakata kitambaa kwa kipimo kamili. Kwa sheria ya Marekani hicho ndicho kipimo chepesi kuliko vyote. Serikali ikifikia hapo na sababu yoyote isiyo ya kichaa, inapita.

Sasa, kwa nini kesi ilipimwa kwa kipimo chepesi? Kwa sababu walalamikaji wenyewe waliipeleka hivyo. Tangu mwaka 1992, kwa uamuzi wa kesi ya Casey, sheria yoyote ya utoaji mimba ilipimwa kwa kuuliza kama inamtwisha mwanamke mzigo usiostahili njiani kwake. Planned Parenthood hawakudai kwamba sheria ya mabaki inaleta mzigo huo. Walisema tu haina mantiki. Mahakama ya Juu ililiandika jambo hilo wazi: hatuulizwi juu ya mzigo, kwa hiyo hatusemi lolote juu ya mzigo.

Ili kuona uzito wake, tazama Texas. Jimbo hilo lilitangaza kanuni za aina hiyo katikati ya mwaka 2016, siku chache baada ya kushindwa Mahakama ya Juu katika kesi nyingine ya kliniki, kisha mwaka 2017 likatunga sheria kamili. Huko walalamikaji walikuja na hesabu: nani atayabeba mabaki, makaburi gani yatayapokea, itakuwaje mtoa huduma akikosa pa kuyapeleka. Maaskofu wa Kikatoliki wa Texas walikuwa wameshajitolea kuyazika bila malipo, na hilo likageuka sehemu ya ushahidi wa jimbo. Jaji David Ezra alisikiliza, na Septemba 2018 akaibatilisha sheria. Katiba moja, wazo moja, ila Texas ilipimwa kwa kipimo kizito kwa kuwa walalamikaji walikileta pamoja na ushahidi wake.

Katika Indiana ushahidi wa namna hiyo ungekuwa mwembamba zaidi, kwa kuwa jimbo liliruhusu uchomaji wa pamoja na halikumdai mgonjwa kitu kama hakutaka. Huenda mawakili waliliona. Sitawalaumu, lakini kwa kuuacha mzigo nje walimwacha mwanamke nje ya kesi yake, na kilichobaki mezani ni jimbo na tanuri.

Ruth Bader Ginsburg na Sonia Sotomayor pekee ndio waliojitenga hadharani na uamuzi huo wa mabaki. Clarence Thomas aliandika maoni marefu juu ya kile kifungu kingine, cha jinsia, rangi na ulemavu, akifuatilia historia ya watu waliotaka kuchuja vizazi vya binadamu. Yeye na Ginsburg walirushiana maneno kwenye tanbihi, na humo Ginsburg akaandika kwamba mwanamke anayetumia haki yake ya kikatiba ya kuisitisha mimba si mama. Majaji tisa walikuwa wanaamua habari ya matanuri, na chini ya ukurasa ugomvi ulikuwa juu ya neno mama.

Gereji ya Klopfer

Tarehe 3 Septemba 2019, miezi mitatu baada ya uamuzi huo, alifariki daktari Ulrich Klopfer, mkazi wa kaunti ya Will, Illinois. Kwa miaka mingi alikuwa ametoa mimba katika kliniki tatu ng'ambo ya mpaka, Indiana: Gary, Fort Wayne na South Bend. Leseni yake ilisimamishwa mwaka 2016. Siku chache baada ya kifo, familia ilikuwa inapanga vitu vyake na ikakuta maboksi kwenye gereji. Wakili wa familia akampigia mchunguzi wa vifo wa kaunti. Ndani ya maboksi kulikuwa na mabaki ya vijusi 2,246, kwenye mifuko ya plastiki yenye dawa ya kuhifadhia. Oktoba wakapatikana wengine 165 katika gari lake la Mercedes-Benz lililokuwa limeegeshwa Dolton, mji mwingine wa Illinois. Jumla 2,411. Wachunguzi walieleza kwamba walitoka kwenye huduma za mwaka 2000 hadi 2003.

(Naona nimeandika "wakapatikana" na "walitoka", kana kwamba ni watu. Nilitaka kusahihisha, nikaacha. Ndivyo kalamu inavyomwendea mtu akifika kwenye gereji hiyo.)

Kwa waunga mkono wa sheria, hii ilikuwa dalili iliyotoka mbinguni. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Curtis Hill, alilichukua jambo hilo mikononi mwake. Pete Buttigieg, aliyekuwa meya wa South Bend na wakati huo akigombea urais, alisema linasumbua na akaomba lisivutwe kwenye siasa. Lilivutwa, bila shaka. Mtu akishagombea urais, hata maziko ya mjini kwake yana kampeni.

Lakini mchambuzi atulie hapa. Je, sheria ya 2016 ingeyazuia aliyoyafanya Klopfer? Mabaki hayo yalikuwa na umri wa miaka 12 au zaidi sheria ilipotiwa saini. Hata kanuni za zamani, zile za tanuri la taka za hospitali, hazikumruhusu mtu kubeba mabaki nyumbani na kuyaweka kwenye gereji ya jimbo jingine. Alivunja utaratibu uliokuwepo, na kwa nini alifanya hivyo hakuna aliyepata kueleza. Alikufa na siri yake. Ripoti ya mwisho ya ofisi ya Hill, Desemba 2020, ilifunga faili bila kumshtaki mtu. Kosa la Klopfer lilikuwa la ukaguzi. Sheria mpya iliongeza heshima kwenye karatasi, na karatasi haifungui gereji.

Na kuna la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Tarehe 12 Februari 2020 mabaki yote yalizikwa katika makaburi ya Southlawn, South Bend, kaburi moja. Hill alisimama akahutubia. Alieleza kwamba kumbukumbu za Klopfer zilikuwa za ovyo na mabaki yenyewe yameharibika, kiasi kwamba haikuwezekana kusema lipi ni la nani. Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Nafsi ya sheria ya Indiana, ile iliyoiokoa mahakamani, ilikuwa kwamba mwanamke anachagua. Katika maziko makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa kwa jina la sheria hiyo, uchaguzi haukuwepo. Pengine kati ya wanawake hao wapo waliotaka kaburi na hawakulipata kwa karibu miaka 20. Wapo ambao wangelia kwa shukrani. Na wapo walioona kwenye taarifa ya habari ofisa wa serikali akisoma hotuba juu ya siku waliyokuwa wameifunga moyoni. Sisemi Hill angefanya nini kingine. Mabaki 2,411 hayawezi kukaa stoo ya ushahidi milele. Nasema tu kwamba siku ile jimbo lilizika kwa kauli yake lenyewe.

Dini inaingia kwa mlango wa pili

Machi 2020 bunge la Indiana liliongeza masharti. Mwanamke aliyetumia vidonge, ambaye mimba humtokea nyumbani, aelezwe kwamba ana haki ya kuyarudisha mabaki kliniki ili yazikwe au yachomwe. Desemba mwaka huo kesi mpya ikafunguliwa na kliniki moja ya Indianapolis, baadhi ya wahudumu wake, na wanawake waliotajwa kwa jina la kuficha la Jane Doe.

Safari hii walijifunza. Hawakusema sheria haina mantiki. Mlango huo ulikuwa umefungwa. Walisema inavunja uhuru wa dini na wa kusema. Wanawake walieleza kwamba kwa imani yao kiinitete si mtu, na kwamba kukizika ni kutamka imani isiyo yao. Wahudumu walisema wanalazimishwa kumsomea mgonjwa ujumbe wa serikali. Jaji Richard Young alikubali, Septemba 2022.

Miezi miwili baadaye, tarehe 28 Novemba, Kanda ya Saba ilimgeuza. Aliyeandika? Easterbrook. Alisema Indiana haimlazimishi mwanamke yeyote kwenda kinyume na imani yake, ya dini au isiyo ya dini. Amri ya kuzika au kuchoma inazihusu kliniki na hospitali. Asiyeitaka ayachukue mabaki yake, afanye nayo apendavyo. Na maelezo wanayosomewa wagonjwa ni ya kweli, yanahusu haki zao, kwa hiyo jimbo linaweza kuagiza yatolewe. Tarehe 1 Mei 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Kama hoja ya kisheria, nasema imekaa vizuri. Kama picha ya maisha, hebu ifikirie. Mwanamke ametoka kwenye chumba cha upasuaji. Hataki mazishi, kwa kuwa haamini kuna wa kuzikwa. Uhuru wake umehifadhiwa: abebe chombo aondoke nacho, apande basi. Wangapi watafanya hivyo? Wengi watanyamaza, na ukimya wao utasomeka kama ridhaa ya utaratibu wa kituo. Mahakama haikukosea kusema mlango upo. Haikuulizwa mlango ule unapitika namna gani.

Uingereza ilipitia fedheha yake bila kufika kwenye katiba. Mwaka 2014 uchunguzi wa televisheni ya Channel 4 ulionyesha kwamba hospitali kadhaa za umma zilikuwa zikichoma mabaki ya mimba pamoja na taka za hospitali, na baadhi yake moto huo ulitumika kupasha majengo joto. Waliokasirika zaidi walikuwa wanawake ambao mimba ziliwaharibikia na hawakuulizwa kitu. Mwaka 2015 mamlaka inayosimamia tishu za binadamu, Human Tissue Authority, ilitoa mwongozo: kuzika, kuchoma kama maiti, au kuchoma kwenye tanuri la hospitali lakini kando, bila kuchanganya na taka. Mwanamke aelezwe, achague, na akisema hataki kujua, hilo nalo liheshimiwe. Njia ya tatu ndiyo Indiana iliyoifuta. Waingereza waliiacha kwa ajili ya yule asiyetaka mazishi na asiyetaka kubeba chombo, na sijaona kwamba heshima ya wanaotaka kaburi imepungua kwa hilo.

Sheria imebaki na nani

Juni 2022 Mahakama ya Juu iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Agosti mwaka huo Indiana ikapitisha marufuku karibu kamili, na baada ya vuta nikuvute ya mahakama za jimbo ikaanza kutumika Agosti 2023. Kliniki za kutoa mimba zilifutiwa leseni zao. Kilichoruhusiwa kinafanyika hospitali, kwa sababu chache: hatari kubwa kwa afya ya mama, kijusi chenye kasoro isiyoweza kuishi, ubakaji au maharimu, tena kwa ukomo wa wiki.

Sheria ya mabaki haikufutwa. Waliokusudiwa mwaka 2016, yaani kliniki na wateja wake, wametoweka kwa sehemu kubwa. Waliobaki chini yake ni wale ambao hawakutajwa kwenye mikutano ya hadhara: mwanamke wa wiki ya tisa aliyekuja usiku anavuja damu, akasafishwa, na bado hajampigia mumewe. Yeye alitaka mtoto. Anaelezwa kwa mdomo na kwa maandishi kwamba ana haki ya kuamua mabaki yaende wapi. Baadhi yao, nina hakika, wanaipokea haki hiyo kwa mikono miwili, kwa kuwa zamani hospitali isingewauliza. Wengine wanataka tu kwenda kulala.

Inayofuata ni karatasi. Mabaki hayazikwi wala hayachomwi bila kibali cha maziko, sawa na maiti yoyote katika jimbo hilo. Kwa mimba iliyotolewa, waliotunga sheria ya 2016 waliandika kwamba taarifa zinazoweza kumtambulisha mwanamke ni siri na zifutwe kwenye nakala za umma. Waliandika pia kwamba si lazima kijusi kipewe jina. Nafasi ya jina kwenye kibali inaruhusiwa kubaki wazi.